Cardozo, jaji aliyeweka mpaka kati ya fidia na wajibu wa mtu binafsi

WASWAHILI husema ajali haina kinga. Lakini ajali inapotokea, mtu akavunjika mguu au akapoteza maisha, hubakia swali ambalo methali hiyo haikulijibu: gharama ya madhara hayo ni ya nani?

Je, alipe aliyetengeneza chombo kilichodhuru, au mwajiri, au mwenye reli? Au aliyeumia avumilie na kuubeba mzigo wake mwenyewe? Swali hilo limezigawanya mahakama, mabunge na kampuni za bima nchini Marekani kwa zaidi ya karne moja.

Miongoni mwa walioshughulikia suala hilo, ni wachache wanaotajwa mara nyingi kama Jaji Benjamin Nathan Cardozo, aliyefariki mwaka 1938. Wanaotetea haki ya waathiriwa kulipwa hutaja hukumu zake. Wanaoshikilia kwamba kila mtu sharti awajibikie matendo yake nao pia hutaja hukumu zake. La ajabu ni kwamba pande zote mbili zina haki ya kufanya hivyo.

Cardozo alizaliwa jijini New York mnamo Mei 24, 1870, akiwa pacha na dada yake Emily. Familia yao ilikuwa ya Wayahudi wa asili ya Uhispania na Ureno ambao mababu zao walikuwa wameishi Marekani tangu kabla ya uhuru wa taifa hilo.

Ilikuwa familia yenye heshima, lakini heshima hiyo ilitiwa doa mapema. Baba yake, Albert Cardozo, alikuwa jaji wa jimbo aliyepanda ngazi kwa msaada wa Tammany Hall, kundi la wanasiasa wa chama cha Democratic lililoutawala mji huo chini ya William Tweed. Mwaka 1872, Benjamin akiwa na umri wa miaka miwili, Albert alijiuzulu baada ya kuandamwa na tuhuma za ufisadi, kabla ya hatua za kumng'oa kitini kukamilika.

Mama yao, Rebecca, aliaga dunia mwaka 1879. Baba alimfuata mwaka 1885. Aliyebaki kuwa mzazi wa Benjamin ni dada yake Nellie, aliyemzidi kwa takriban miaka 11. Wawili hao waliishi nyumba moja hadi Nellie alipofariki mwaka 1929, na Cardozo hakuoa maishani mwake.

Hakusomea shule kama watoto wengine. Miongoni mwa walimu waliomfundisha nyumbani alikuwa Horatio Alger, mwandishi aliyepata umaarufu kwa riwaya za wavulana maskini wanaojikwamua kwa bidii na uaminifu wao wenyewe. Vitabu hivyo ndivyo vilivyowafunza vijana wengi wa Marekani wa enzi hizo kwamba hatima ya mtu imo mikononi mwake.

Kijana huyo alijiunga na Chuo cha Columbia akiwa na umri wa miaka 15 na kufuzu mwaka 1889. Baadaye alisomea sheria katika chuo hicho, ila aliondoka bila shahada yake na kuidhinishwa kuwa wakili mwaka 1891. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 alifanya kazi ya uwakili, akijulikana zaidi na mawakili wenzake kuliko umma.

Mwaka 1913 wapinzani wa Tammany Hall waliungana na kumteua awanie wadhifa wa jaji katika mahakama ya jimbo inayosikiliza kesi mara ya kwanza, mahakama ileile alikohudumu baba yake. Alishinda kwa kura chache. Hakukaa sana huko, kwani mwezi wa Februari 1914 gavana alimpeleka katika Mahakama ya Rufaa ya New York, inayoketi mjini Albany. Humo alidumu miaka 18, na tangu 1927 akiwa jaji mkuu wake.

Ili kuelewa aliyoyafanya huko, ni muhimu kufahamu sheria aliyoikuta. Katika karne ya 19, mtu aliyeumia alikuwa na vikwazo vingi kabla ya kulipwa hata senti moja.

Mwaka 1842, mahakama moja ya Uingereza ilikataa ombi la dereva wa gari la farasi la kusafirisha barua aliyelemazwa chombo hicho kilipovunjika. Sababu ilikuwa kwamba hakuwa na mkataba wowote na aliyewajibika kulikarabati. Mwaka huohuo, mahakama ya jimbo la Massachusetts iliamua kuwa mfanyakazi wa reli aliyeumizwa kwa kosa la mwenzake hangeweza kumshtaki mwajiri. Ilidaiwa kwamba alipokubali mshahara alikubali pia hatari za kazi.

Juu ya hayo, mlalamishi aliyepatikana na kosa lolote lake mwenyewe, hata liwe dogo namna gani, alipoteza kesi nzima. Huo ndio uliokuwa wajibu wa mtu binafsi kwa maana kali kabisa.

Mabadiliko yalidaiwa na wafanyakazi wa viwanda. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwafidia waliojeruhiwa kazini bila kuhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Lakini mnamo Machi 24, 1911, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha, ikisema ni kumnyang'anya mwajiri mali yake bila kosa.

Siku iliyofuata, Machi 25, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York. Watu 146 waliangamia, wengi wao wakiwa wasichana wahamiaji. Hasira ya umma ilikuwa kubwa. Mwaka 1913 wapiga kura walibadilisha katiba ya jimbo, na sheria mpya ya fidia ikaanza kutumika 1914, mwaka uleule Cardozo alipoingia katika mahakama hiyo.

Sheria hiyo ilikuwa mapatano. Mfanyakazi aliacha haki ya kumshtaki mwajiri na kudai mamilioni, naye mwajiri akaacha kujitetea kwamba hakukosea. Malipo yalikuwa madogo lakini ya hakika.

Cardozo aliifasiri kwa moyo mkunjufu. Katika kesi moja ya 1920, mfanyakazi wa kiwanda cha hariri alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona kwa jicho moja baada ya kugongwa na tofaa lililorushwa na wenzake waliokuwa wakitaniana. Mwajiri alisema utani si kazi. Cardozo aliamua kuwa anayekusanya watu kiwandani anakusanya pia tabia zao, na hivyo hatari ya utani ni sehemu ya mazingira ya kazi. Mfanyakazi alifidiwa.

Hukumu iliyomjengea jina, hata hivyo, ilikuwa imetangulia. Ilitolewa Machi 14, 1916, katika kesi ya MacPherson dhidi ya kampuni ya magari ya Buick.

Mlalamishi alikuwa mchonga mawe aliyenunua gari kutoka kwa muuzaji wa rejareja. Alipokuwa akiliendesha, spoki za mbao za gurudumu moja zilivunjika, gari likapinduka naye akajeruhiwa. Gurudumu lilikuwa limetengenezwa na kampuni nyingine, na Buick ilikuwa imelifunga bila kulikagua ipasavyo.

Buick ilijitetea kwa hoja ile ya 1842. Ilikuwa imemuuzia gari mfanyabiashara, si mlalamishi, na kwa hivyo haikuwa na wajibu wowote kwake.

Cardozo alichambua kesi za zamani moja baada ya nyingine. Miongoni mwazo ni ile ya 1852 ambapo chupa ya sumu iliuzwa ikiwa na kibandiko cha dawa isiyo na madhara, na mtengenezaji akalazimika kumlipa mgonjwa ambaye hakuwahi kukutana naye. Kutokana na hizo alionyesha kuwa mahakama zilikuwa zimeanza kutambua jambo pana zaidi. Kitu chochote kinachoweza kuhatarisha maisha iwapo kitatengenezwa kwa uzembe ni kitu cha hatari, na mtengenezaji anayejua kwamba kitatumiwa na mtu mwingine bila kukaguliwa tena ana wajibu wa kuwa mwangalifu, pawe na mkataba au pasiwe.

Alitambua kwamba muuzaji wa magari ndiye mtu mmoja ambaye ilikuwa karibu hakika kuwa hangelitumia gari lile. Kumlinda huyo pekee na kumwacha dereva lilikuwa jambo lisilo na maana.

Uamuzi huo ulienea katika majimbo mengine na kuvuka bahari. Mnamo Mei 1932, mabwana wa sheria wa Uingereza walipoamua kesi maarufu ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyohusu konokono aliyedaiwa kupatikana ndani ya chupa ya kinywaji huko Paisley, Scotland, Lord Atkin aliutegemea uamuzi wa Cardozo kuunga mkono hoja yake. Kwa njia hiyo fikra za jaji wa New York ziliingia katika sheria ya mataifa yaliyorithi mfumo wa Uingereza, Kenya ikiwemo.

Mwaka 1921 alitoa hukumu nyingine mbili zilizowapa waathiriwa matumaini. Ya kwanza ilihusu mvulana wa miaka 16 aliyekwenda kuogelea katika mto Harlem. Akiwa amesimama kwenye ubao uliotokeza juu ya maji, tayari kupiga mbizi, boriti ya nguzo ya kampuni ya reli ilianguka pamoja na nyaya zake za umeme, zikamgonga na kumuua. Mahakama za chini zilisema alikuwa ameingia bila ruhusa katika mali ya kampuni, kwa kuwa ubao ulikuwa umefungwa kwenye ardhi yake. Cardozo alikataa uhai wa mtoto upimwe kwa inchi za ubao, na kesi ya mama yake ikafufuliwa.

Ya pili ilimhusu mtu aliyekwenda kumtafuta binamu yake aliyeanguka kutoka kwenye gari la reli ambalo milango yake haikuwa imefungwa. Katika giza, naye pia alianguka darajani na kuumia. Kampuni ilidai kwamba alijitakia. Cardozo aliamua kwamba penye hatari hapakosi wa kuokoa, na anayesababisha hatari hiyo anapaswa kumtarajia mwokozi.

Lau kumbukumbu yake ingeishia hapo, Cardozo angekuwa shujaa wa walalamishi pekee. Haikuishia hapo.

Mwaka 1920 aliamua kesi ya mtu aliyekufa baada ya kigari chake cha farasi kugongana usiku na gari lililokuwa limevuka katikati ya barabara. Marehemu hakuwa amewasha taa, kinyume cha sheria. Baraza la raia lililosikiliza kesi lilikuwa limeruhusiwa kulichukulia kosa hilo kuwa jambo dogo. Cardozo alisema kuacha taa kwa makusudi ni uzembe wenyewe, wala si jambo la hiari ya baraza. Aliyeshindwa kuwalinda wenzake barabarani hawezi kusamehewa kwa sababu tu yeye ndiye aliyekufa.

Mwaka 1929 ilimfikia kesi ya kijana aliyekwenda kujifurahisha katika bustani ya michezo ya Steeplechase, huko Coney Island. Alipanda mkanda uliokuwa ukizunguka na kuwaangusha watu huku watazamaji wakicheka. Alianguka na kuvunjika pia ya goti, akashtaki, akashinda katika mahakama ya chini.

Cardozo aliibatilisha hukumu hiyo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Kuanguka ndiko kulikokuwa mchezo wenyewe, na kijana aliwaona wengine wakianguka kabla yake. Anayeingia katika mchezo huzikubali hatari zake zilizo wazi. Anayeogopa ana hiari ya kubaki nyumbani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa Cardozo hakustahili kumtumia mwenye bustani ankara ya daktari.

Lakini kesi inayozua mabishano zaidi ni ya Palsgraf dhidi ya kampuni ya reli ya Long Island, iliyoamuliwa Mei 1928.

Jumapili moja ya Agosti 1924, mama mmoja alikuwa kwenye kituo cha treni jijini New York pamoja na binti zake wawili, wakisubiri kwenda ufuoni. Mtu mmoja alikimbia kudandia treni iliyokuwa imeanza kuondoka. Wafanyakazi wawili wa reli walimsaidia, mmoja akimvuta na mwingine akimsukuma. Kifurushi alichobeba kilianguka. Ndani yake mlikuwa na fataki, jambo ambalo hakuna aliyelijua. Zililipuka, na mizani iliyokuwa mbali kidogo ikamwangukia yule mama.

Mama huyo, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi na utunzaji wa jengo, alipatwa na mshtuko uliomfanya awe na kigugumizi. Baraza la raia lilimpa dola 6,000.

Kwa kura nne dhidi ya tatu, Mahakama ya Rufaa ilimpokonya pesa hizo. Cardozo, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alieleza kwamba uzembe hauelei hewani tu. Ili mtu alipwe, ni lazima awe miongoni mwa wale ambao mtu mwangalifu angeweza kuona kuwa wamo hatarini. Wafanyakazi wale labda walimkosea mwenye kifurushi, lakini hakuna aliyeweza kubashiri kuwa wangemdhuru mwanamke aliyesimama mbali.

Jaji William Andrews alipinga. Kwake yeye, kila mtu ana wajibu kwa jamii nzima kutofanya jambo la kuhatarisha, na swali la pekee ni umbali wa kufuatilia matokeo yake. Hoja zao wawili bado hufundishwa sambamba katika vyuo vya sheria.

Wakosoaji wamemlaumu Cardozo kwa ukali wa uamuzi huo. Hakutaja majeraha ya mama huyo wala hali yake ya maisha, na zaidi ya hayo mahakama ilimwamuru alipe gharama za kesi. Kampuni ya reli ilikuwa tajiri naye alikuwa maskini. Jaji aliyekuwa ametetea uhai wa mvulana wa mto Harlem alionekana hapa kama mtu anayesuluhisha fumbo la hesabu.

Watetezi wake hujibu kwamba bila mpaka, dhima haina mwisho. Wanakumbusha uamuzi wake wa 1931 kuhusu wakaguzi wa hesabu, ambapo alikataa kuwabebesha madeni ya kila mtu ambaye huenda akasoma taarifa yao, akihofia kwamba kosa moja la kutokuwa makini lingeangamiza taaluma nzima.

Ukizitazama hukumu hizo kwa pamoja, kuna uzi unaoziunganisha. Kwa Cardozo, wajibu ulitokana na kile ambacho mtu angeweza kukiona mbele yake. Buick ingeweza kuliona gurudumu bovu. Kijana wa Coney Island aliona watu wakianguka. Wafanyakazi wa reli hawakuweza kuziona fataki ndani ya kifurushi. Kipimo hicho kilimfunga tajiri na maskini kwa usawa, ingawa si wote wawili waliokuwa na uwezo sawa wa kustahimili kushindwa.

Mwaka 1932 Rais Herbert Hoover, wa chama cha Republican, alimteua Cardozo, Mdemocrat, kuchukua nafasi ya Oliver Wendell Holmes katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Seneti ilimwidhinisha bila pingamizi.

Huko Washington alikutana na suala lilelile kwa sura pana zaidi. Nchi ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na Rais Franklin Roosevelt alikuwa ameanzisha mpango wa malipo ya uzeeni na ya wasio na kazi. Wapinzani walisema kujiwekea akiba ni jukumu la kila mtu, si la serikali.

Mei 24, 1937, siku aliyotimiza miaka 67, Cardozo alisoma hukumu mbili zilizoidhinisha mpango huo. Alisisitiza kwamba mamilioni waliopoteza kazi hawakuzipoteza kwa uvivu wao, na kwamba umaskini wa uzeeni ni janga la taifa zima. Mtu hawezi kuwajibishwa kwa dhoruba asiyoweza kuiona wala kuizuia.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alipatwa na maradhi ya moyo mwishoni mwa 1937, kisha kiharusi mapema 1938. Alifariki Julai 9, 1938, nyumbani kwa rafiki yake, Jaji Irving Lehman, huko Port Chester, New York. Alizikwa katika makaburi ya Beth Olam, Queens. Kiti chake kilirithiwa na Felix Frankfurter.

Mjadala aliouacha umeendelea kupamba moto. Mwaka 1975 jimbo la New York liliacha kanuni ya kumnyima mlalamishi kila kitu kwa sababu ya kosa lake dogo, na badala yake likaanza kugawa lawama kwa kiwango. Mwaka huohuo California iliweka kikomo cha dola 250,000 kwa maumivu na mateso katika kesi za uzembe wa madaktari, kikomo ambacho hakikupandishwa hadi sheria ilipobadilishwa 2022.

Mwaka 1994 baraza la raia huko Albuquerque lilimpa bibi mmoja aliyeunguzwa vibaya na kahawa ya McDonald's karibu dola milioni 2.9. Wengi walikejeli, wakisema kila mtu anajua kahawa ni moto. Ni wachache waliojua kuwa baraza hilo lilimpata bibi mwenyewe na asilimia 20 ya lawama, kwamba kampuni ilikuwa imepokea malalamiko mengine zaidi ya 700, na kwamba jaji alipunguza sana kiasi hicho.

Mwaka 2004 na 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuwazuia watu kuzishtaki kampuni za chakula kwa sababu ya unene wao, ukiwa na jina lililotaja wajibu wa mtu binafsi. Seneti haikuupitisha.

Kenya nayo haijaepuka suala hilo. Sheria inaruhusu mahakama kugawa lawama kati ya mlalamishi na mshtakiwa, na ndiyo maana abiria au mwendeshaji pikipiki anaweza kushinda kesi lakini fidia yake ikapunguzwa. Sheria ya bima ya magari nayo imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kile ambacho kampuni ya bima hulazimika kulipia dai la mtu mmoja.

Wanaotaka vikomo zaidi husema madai yaliyokithiri huzifilisi kampuni na kupandisha ada kwa kila mwenye gari. Wanaovipinga husema kikomo humwumiza zaidi yule aliyejeruhiwa vibaya zaidi. Katika rekodi ya Cardozo hakuna jibu litakaloiridhisha kabisa kambi moja. Alichowaachia majaji ni kazi ya kuuliza, katika kila kisa, ni nani aliyeweza kuiona hatari ikija na alifanya nini alipoiona.